Kwato Chini ya Bwawa

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kuulizwa kazini, "Wewe hasa ni nani?" Wanahistoria wenzangu wakiniona nimevaa koti la maabara wanacheka, wanasema huyu ametupotea. Watu wa baiolojia wakinisikia nauliza habari za mashine za kupasulia mbao wananiambia nirudi kwetu kwenye makaratasi. Wahandisi ndio kabisa, wananitazama kama mama mkwe aliyeingia jikoni bila hodi. Mkuu wangu mmoja wa zamani aliwahi kunikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu kuwa mimi nimeshika tatu na bado sijadondosha hata moja. Hakucheka. Nilicheka mwenyewe mpaka nikafika mlangoni.

Ukweli ni kwamba sikuichagua njia hii kwa ujanja wowote. Nilikuwa bado mwanafunzi, nimetumwa kuandika historia ya upasuaji mbao katika msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Nilikuwa nimesoma makaratasi yote niliyoyapata, nikajiona nimeiva. Siku moja nikapanda msituni kuangalia mahali mashine ilipokuwa, nikakuta gurudumu la chuma, kubwa kunizidi mimi, limesimama wima, na mti umelimeza. Si kwamba mti uliota kando yake. Umelimeza! Gome limefunika ukingo wa chuma pande zote mbili, chuma kimeingia ndani ya mti na hakitoki tena. Yale makaratasi yangu yaliniambia mashine ilikuwa ya nani na ilipasua miti ya mikulo kiasi gani. Hakuna karatasi lililoniambia kilichotokea baada ya watu kuondoka, na hicho ndicho kilichokuwa kimesimama mbele yangu, kina majani. Nilikaa chini. Nilisema Subhanallah, nikarudia, kisha nikala mkate niliobeba kwa sababu njaa nayo haina adabu.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuandika habari za mashine bila kuuliza habari za mti, wala habari za mti bila kuuliza nani aliumwagilia maji au nani aliuacha. Nikajifunza hadubini ukubwani, nikiwa na watoto wawili, nimekaa darasani na vijana wanaoniamkia shikamoo kabla ya kuniazima kalamu. Nikajifunza kusoma chavua, ule unga wa maua ambao ukizama kwenye tope unaweza kukaa vizazi na vizazi bila kuoza. Mara ya kwanza nilipoiona, ile punje ya mti uliokwisha kufa zamani, imekaa kwenye kioo na miiba yake midogo yote, nilimwita mlinzi wa jengo aje aone. Alichungulia, akasema, "Kumbe." Nikamwambia, "Eti!" Tukaangaliana.

Nayasema haya ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyepigiwa simu na mama yake mdogo, mwishoni mwa mvua za mwaka ule, akaambiwa hivi:

"Njoo uchukue sufuria za marehemu mama yako. Mimi naondoka."

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule, na yeye, mdogo wake, akanichukua nyumbani kwake upande wa Bumbuli, akanikuza pamoja na mwanawe. Hajawahi kukaa popote pengine. Hata Tanga mjini alikuwa akienda kwa harusi na msiba tu, na jua la huko alilisema vibaya mwaka mzima.

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Tanga, kwa mdogo wako. Amenisemesha mpaka nimechoka. Kiangazi hiki kikiingia bwawa likiwa hivi, nitakaa hapa nile nini? Sufuria za mama yako sitaki zibaki zikapikiwe na watu nisiowajua."

Nilipanda siku mbili baadaye. Nilimkuta ameketi barazani anachambua mchicha, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, na hapo nikajua kweli amekasirika au kweli ana huzuni. Kwake ni vigumu kutofautisha. Shamba lake la matuta chini ya nyumba, ambalo tangu utoto wangu halijawahi kukosa kabichi au karoti au njegere, lilikuwa jekundu tupu. Mbegu zake za viazi alikuwa amekwisha kumpa jirani. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Viazi navyo vipande gari? Nisafiri navyo kwenye basi niwafundishe watu wa pwani kulima?"

Tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na ule mchicha, kisha tukashuka kuliona bwawa.

Nilieleze, maana bila hilo bwawa hakuna hadithi. Kuna chemchemi ndogo inatoka msituni, juu ya kijiji. Ni ndogo kweli, unene wa mkono wa mtoto. Ukiiacha itiririke yenyewe kwenye mfereji, udongo unainywa kabla haijafika shambani kwa mtu. Kwa hiyo watu wa zamani walichimba bwawa chini ya chemchemi. Jioni linazibwa kwa kipande cha mgomba na tope, maji yanajikusanya usiku kucha, na alfajiri mwenye zamu anazibua. Maji yote yanatoka kwa mpigo, yana nguvu, yanafika mbali. Kesho yake ni zamu ya nyumba nyingine. Hivyo ndivyo mimi nilivyosomeshwa, kwa karoti zilizonyweshwa kwa zamu.

Sasa bwawa lilikuwa linazibwa jioni na asubuhi linakutwa limebaki dimbwi la kuoshea miguu. Maji yalikuwa yanazama chini yenyewe.

"Lilianza lini?" niliuliza.

"Baada ya ule msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Miaka kadhaa nyuma waliamua kulisafisha bwawa, na ninavyowajua watu wetu, hawakulisafisha nusunusu. Kwetu mtu akiacha jani moja la magugu shambani, habari zinafika msikitini kabla yake. Walitoa tope lote. Wakatoa na lile lililoganda chini ya tope, gumu, la kijivu, lililowatoa jasho. Wakafika kwenye udongo mwekundu, wakapika makande, wakala, wakafurahi. Mama mdogo alinisimulia kwa fahari hata siku ile, na huku ndilo linalomhamisha. "Tulilisugua kama sufuria," alisema.

Baada ya hapo wakajaribu saruji, ikapasuka. Wakajaribu turubai la plastiki, mizizi ikalitoboa. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu amelitia mkosi, na jina la mwanamke mmoja mjane likaanza kutajwa. Hapo mimi nilipandwa na hasira, na hasira zangu ziko karibu. Nikasema mbele ya watu kwamba kabla ya kumtazama mjane wa watu tulitazame bwawa. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mpole sana, akanijibu, "Litazame basi, mwanangu. Sisi tumelitazama mpaka macho yamechoka."

Nililitazama. Kona moja, upande wa juu, kuna mkuyu mkubwa, na mizizi yake imeshuka mpaka ndani ya bwawa. Majembe ya msaragambo yalishindwa kuingia pale. Nikafikiri kwamba pale chini ya mizizi bwawa la zamani bado lipo. Nikavua viatu, nikajikunja, nikachimba shimo dogo kwa mwiko wa mwashi na kisu cha jikoni cha mama mdogo, ambacho alikitaka kirudi kikiwa kisafi.

Chini ya tope nililikuta lile gumu la kijivu. Ni udongo wa mfinyanzi, umeshikana, maji hayapenyi. Nilikata kipande kwa pembeni nikaona umejipanga kwa matabaka: tabaka laini la tope lililotulia, kisha tabaka lililovurugwa, limefinyangwa, kisha laini tena, kisha lililofinyangwa tena, hivyo hivyo kwenda chini mpaka mkono wangu ulipoishia. Nani aliyefinyanga? Nikaanza kubandua taratibu, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayebandua chapati zilizogandana. Moja likaachia kwa urahisi. Chini yake kulikuwa na alama ya ukwato.

Ukwato wa ng'ombe, pande mbili, umezama vizuri, na kingo zake bado kali. Kando yake mwingine. Na kando ya huo, Mungu ni shahidi yangu, unyayo wa mtu. Kisigino, upinde, vidole vyote, kidole gumba kimechimba kidogo mbele kama mtu anayejizuia asiteleze. Mtu mzima, miguu mitupu.

Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu na vingine nimeviandika mimi, lakini hakuna ukurasa ulionitoa machozi kwa namna ile. Mtu yule hakuwa amekusudia kuniambia kitu. Alikuwa kazini, labda anawafokea ng'ombe, labda mgongo unamuuma, akaweka mguu wake pale, maji yakaja juu yake, na kila asubuhi kwa miaka yote ile watu wakala kwa sababu ya pale alipokanyaga. Mama mdogo alikuwa amesimama juu yangu anauliza, "Umeona nini? Nyoka?" Nikamwonyesha. Alichuchumaa akaangalia kwa muda. Kisha akaushusha mguu wake mwenyewe hewani, juu ya ule unyayo, bila kuugusa, akapima.

"Mguu wake na wangu ni mmoja," alisema.

Nilichukua vipande vya udongo ule nikaenda navyo maabara. Kwenye hadubini, matabaka yale yaliyofinyangwa yalijaa chembechembe za kuvu wanaoota kwenye kinyesi cha wanyama wanaokula majani, na vipande vya mabawa meusi ya wale wadudu wanaobiringisha mavi. Kwenye matabaka laini havikuwepo, au vilikuwa vichache. Nikaelewa. Kila baada ya muda bwawa lilikauka au lilikaushwa, ng'ombe wakaingia, wakakanyaga udongo na kinyesi na majani pamoja, wakavifinyanga mpaka vikawa kitu kimoja kisichopitisha maji. Ng'ombe ndio waliokuwa mafundi, na kazi yao ndiyo iliyotolewa kwa majembe siku ya msaragambo. Kisha ng'ombe wetu wakafungiwa ndani, maana milima ilikuwa inaporomoka kwa malisho, na kufungiwa huko kulikuwa jambo jema, mimi mwenyewe nimeliandika hivyo. Hakuna aliyeuliza bwawa litakanyagwa na nani. Wazee niliowauliza walikumbuka tu kwamba zamani ng'ombe walishuka kunywa na kuyachafua maji, na kila mtu alifurahi walipoacha.

Je, watu wa kale walijua wanachofanya? Yule mwenye unyayo aliwaingiza ng'ombe makusudi, au aliwafuata tu kuwatoa? Sijui. Nimeulizwa hilo kwenye mikutano ya wasomi na nimejibu sijui, na nitaendelea kujibu hivyo. Nilichojua ni kwamba hapo ndipo mambo yangu matatu niliyotaniwa nayo maisha yote yalipokutana. Tope lile lilikuwa historia, na fundi wake alikuwa na pembe na alicheua.

Nilirudi kijijini na kuyasema hayo baada ya swala ya Ijumaa, pale pale bwawani. Nilisema tulete udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, tuutandaze, tutie majani na samadi, tunyunyize maji, kisha tushushe ng'ombe wakanyage.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Profesa amesoma, amesoma, mpaka amefika kwenye mavi!" Wakacheka mpaka wengine wakashika miti. Na mimi nilicheka, nifanyeje.

Mwenyekiti hakucheka. "Mwanangu," alisema, "ng'ombe hawa wa leo ni wa maziwa. Wamezaliwa bandani, wanaletewa majani bandani, hawajui hata mlima. Umshushe kwenye tope lile, mguu ukivunjika? Ng'ombe mmoja ndiye ada ya watoto wa mtu. Una uhakika?"

Watu wote wakanigeukia. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini uhakika niliokuwa nao ulikuwa wa zamani, wa kesho sikuwa nao, na mzee yule alistahili jibu la kweli. Nikamwambia, "Sina, baba. Nina matumaini makubwa."

"Matumaini hayakamuliwi," alisema, kwa upole ule ule.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mkuyu. Alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Wangu atatangulia," alisema.

Nilishtuka. Ng'ombe yule alikuwa amekwisha kupatiwa mnunuzi. Ndiye aliyekuwa amebaki naye, ndiye ambaye angemwingiza Tanga kwa mwanawe kama mgeni mwenye chake na si kama mzigo. Nilimvuta pembeni nikamwambia, mama, subiri, tutafute mwingine kwanza. Akanitazama.

"Ulivyokuwa mdogo ulikuwa unasema uongo?"

"Hapana. Mara chache."

"Basi."

Kazi ya kubeba udongo ilichukua siku kadhaa, kila nyumba ilitoa mtu, hata waliocheka. Walileta kwa karai, kwa ndoo, kwa gunia lililofungwa kwenye mti. Siku ya ng'ombe ilipofika tulikwenda bandani kwa mama mdogo, akaondoa vijiti vya mlangoni, akasimama kando.

Ng'ombe hakutoka. Alitoa kichwa, akatazama juu, akatazama ile nafasi yote mbele yake, akarudisha kichwa ndani. Watu walitaka kumsukuma, mama mdogo akawafukuza. Alianza kumsemesha kwa Kishambaa, polepole, maneno yale yale aliyokuwa akinisemesha mimi nilipokuwa siendi shule. Alitoka. Alitembea ile njia ya kushuka kwa hatua za mtu aliyevaa viatu vya kuazima, kila jiwe analinusa, na kijiji kizima nyuma yake kimenyamaza kama kinasindikiza harusi ya mtu mkali. Ukingoni akagoma tena. Mwenyekiti alinitazama. Mimi nilitazama miguu ile myembamba.

Mama mdogo alivua makubadhi, akaingia yeye kwanza. Tope lilimshika mpaka kwenye kifundo. Aliteleza, akajizuia kwa kidole gumba, akageuka akanyoosha mkono. "Haya, njoo," alisema. Na ng'ombe akaingia.

Mguu haukuvunjika. Alizama, akachomoa, akazama, akachomoa, na kila alipochomoa tope lilifanya mlio ambao watoto waliuigiza mwezi mzima. Alipozunguka mara ya pili, mtu mmoja akasema atamleta na wake. Kufikia adhuhuri walikuwa wengi, mmoja amelala kabisa katikati ya bwawa hataki kuondoka, watu wanacheka, wanasukuma, wamepakwa udongo mpaka kwenye nyusi. Yule aliyenitania kuhusu mavi alikuwa katikati yao, anaimba. Yule mjane naye alikuwepo, anamswaga wa kwake, na hakuna aliyemsogelea kwa jicho baya. Mimi nilisimama pembeni. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule chini ya mizizi, na sasa nilikuwa nauona ukiandikwa.

Tulirudia siku chache zilizofuata, mpaka udongo ukang'aa. Kisha jioni moja tukaziba mlango kwa mgomba na tope, tukaacha chemchemi iingie. Giza lilipokaribia, maji yakiwa yamefika magotini, mwenyekiti alichomeka kijiti penye maji, ncha yake ikichungulia juu kidogo tu. Alisema asubuhi kijiti kitatuambia. Wakakubaliana pia kwamba zamu ya kwanza ni ya mwenye ng'ombe aliyetangulia.

Usiku ule nilipakia sufuria za mama kwenye begi langu, mama mdogo kando yangu. Alinipa vitambaa vya kuzifungia zisigongane.

Baada ya swala ya alfajiri tukashuka. Ukungu ulikuwa mzito, bwawa halionekani, tunasikia tu watu wakikohoa upande huu na upande ule. Nilichuchumaa ukingoni nikatafuta kijiti. Hakipo. Nikatafuta tena, nikasogea, hakipo! Hasira zikanipanda. Nikaanza kufoka kwamba kuna mtoto amekuja kuking'oa, kwamba kijiji hiki hakiwezi kuacha kitu mahali pake hata usiku mmoja, sasa tutajuaje?

"Nyamaza," alisema mama mdogo.

Alikuwa amekunja mkono wa gauni. Aliingiza mkono majini, ukaingia mpaka kwenye kiwiko, ukapita kiwiko, akapapasa. Akatulia.

"Kipo hapa," alisema. "Kimezama."

Mwenyekiti akasema Alhamdulillah kwa sauti ndogo sana. Wengine wakaipokea kwenye ukungu, huku na huku, watu nisiowaona. Mimi nilikuwa nawaza kwamba mahali fulani chini ya maji yale kuna unyayo wa mama mdogo, kidole gumba kimechimba kidogo mbele.

Alizibua yeye mwenyewe. Kipande cha mgomba kilitoka kwa kishindo, maji yakaruka mferejini, mekundu kwanza kisha safi, na yeye akatangulia mbele yake na jembe begani, akikimbia kidogo, akisafisha majani njiani ili maji yasikwame. Alikuwa anashuka mbele ya maji kama msichana. Alipopita nyumba ya jirani alipiga kelele bila kusimama, "Amka! Mbegu zangu za viazi uzitoe, nazifuata sasa hivi!"

Kisha akanipigia na mimi kelele, bila kugeuka, kutoka chini kabisa kwenye ukungu:

"Na wewe! Zirudishe jikoni hizo sufuria za mama yako!"